Inchi Nne na Robo

Daktari wa mifupa alisema bega la Toivo limekula chumvi nyingi,
kuinamia pikipiki kutwa nzima sasa basi.
Toivo akamjibu huku akivaa koti:
bega halina kosa, usukani ndio umekaa chini.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya Aprili, hapa Marquette,
theluji chafu ingali imerundikana mlangoni mwa gereji
kama nguo zilizokosa mfuaji,
nikaitwa mimi, mshona mapazia, na futi yangu shingoni.

“Panda,” nikamwambia. “Fumba macho.
Nyoosha mikono mpaka itue inapotaka yenyewe.”
Akapanda, akafumba. Mikono ikaelea,
ikatua hewani pasipo na kitu,
kama ya mtu aliyepewa mtoto wa jirani na hajui amshike vipi.
Nikapima kutoka hewani hadi kwenye chuma.
Inchi nne.
Na robo, ambayo niliiacha iwe ya uzee.

Usukani wa zamani uling’oka bila ubishi.
Mpya ukatoka kwenye boksi uking’aa,
pembe za fahali asiye na mwenyewe.
Tukauweka. Ukapendeza.
Mara kila kitu kikawa kifupi:
kebo ya klachi fupi, mpira wa breki mfupi,
nyaya za swichi zimekaza kama mshipa wa mtu mwenye hasira.
Toivo akakitukana kiwanda, akautukana na mji wenye kiwanda,
kwa Kifini cha bibi yake,
lugha ambayo yeye amebakiziwa matusi tu.

Mimi nilicheka. Hili nalijua.
Pandisha bega la gauni, mkono utalia.
Shusha kiuno, pindo litakuumbua.
Mteja huja akisema, “Ongeza hapa tu, kidogo,”
nami huandika kwenye daftari: siku tatu.

Siku tatu zikawa wiki mbili, tukingoja kebo ndefu.
Zilipofika, zikabaki nyaya,
nazo zilitakiwa kupita ndani ya bomba, kona tatu za giza.
Vidole vyake havikufaa. Vyangu pia.
Nikaleta uzi wa mapazia, ule mweupe usiokatika,
nikaufunga kipande cha sponji nchani,
nikaweka mdomo wa mashine ya kufyonzea vumbi upande wa pili.
Fyuu!
Uzi ukatokea kama uvumi: hakuna aliyeuona ukipita.
Miaka thelathini na minane ya ndoa,
na hajawahi kunitazama vile, hata kanisani.

Kisha breki. Mimi juu ya kiti, yeye chini na chupa.
Vuta. Shikilia. Achia.
Vuta. Shikilia. Achia.
Kiputo. Kiputo. Kijiputo.
Tuligombana juu ya kiputo cha mwisho:
yeye alisema kimekwisha toka,
mimi nilisema mkono wa breki bado unabonyea kama donge la unga.
Vuta. Shikilia.
Kilitoka.

Jioni akawasha. Akageuza usukani kulia: salama.
Kushoto, hadi mwisho:
injini ikapaza sauti yenyewe,
na eksileta haikuguswa na mtu.
Tukatazamana.
Angekata kona ya kwanza hivyo —
sikumalizia, naye hakuniomba nimalizie.
Tukafungua tena yote.
Kebo ilipita mbele ya shingo badala ya nyuma yake,
kosa la upana wa kidole.

Jumapili alikwenda hadi ziwani, akarudi
mgongo wima, viwiko vimelegea,
kama msomaji wa gazeti aliyeota magurudumu.
“Bega vipi?”
“Bega gani?”

Nikakunja futi, nikakusanya matambara.
Katika moja nikaikuta skrubu ndogo,
si ya usukani wa zamani, si ya mpya;
tumeuliza kila tundu, yote yamejaa.
Nimeiweka dirishani, juu ya cherehani.
Kila anapochelewa, naitazama.